Sidney Kark: Daktari aliyewafanya wanavijiji kuwa walinzi wa afya yao

MWAKA 1940, wakati mataifa ya Ulaya yakiwa yamezama katika vita, Serikali ya Afrika Kusini iliidhinisha jaribio dogo la afya katika eneo la Pholela, karibu na milima ya Drakensberg, jimboni Natal. Kazi hiyo ilikabidhiwa kwa daktari ambaye alikuwa hajatimiza umri wa miaka 30, Sidney Kark, akisaidiana na mkewe, Emily, ambaye naye alikuwa daktari.

Miaka 20 baadaye jaribio hilo lilikuwa limevunjwa na watawala wa nchi hiyo. Lakini mbegu yake ilikuwa imekwishavuka bahari. Ilichipua Jerusalem, ikachipua Marekani, na hata leo wataalamu wanaposema kuwa kituo cha afya kinapaswa kuwatoka watu wa eneo lake na si kuwasubiri mlangoni, wanarudia somo lililofundishwa Pholela.

Kark hakuvumbua dawa wala chanjo. Jambo alilolifanya lilikuwa gumu kwa namna nyingine: aliunda aina mpya ya mtumishi wa afya, akaonyesha namna ya kumfundisha, kisha akajenga chuo cha kuwazalisha watumishi wa aina hiyo kwa ajili ya nchi nzima. Siasa ndiyo iliyomkatisha safari.

Alizaliwa Johannesburg mwaka 1911 katika familia ya Kiyahudi, akasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Huko alikutana na Emily Jaspan, mwanafunzi mwenzake, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake na mshirika wake wa kazi kwa maisha yote.

Wakiwa bado wanafunzi, wawili hao na wenzao walianzisha chama cha kuchunguza hali ya afya ya Waafrika. Halikuwa jambo la kawaida. Udaktari uliofundishwa wakati huo ulimtazama mgonjwa akiwa kitandani hospitalini. Haukumfuata nyumbani kwake, wala haukuuliza anakula nini, anafanya kazi gani na anaishi na nani.

Mwaka 1938 na 1939 Kark alishiriki katika utafiti mkubwa wa lishe ya watoto wa shule wa Kiafrika, uliofanyika katika sehemu mbalimbali za nchi. Watoto walipimwa na kuchunguzwa, na picha iliyojitokeza ilikuwa ya kusikitisha: utapiamlo ulikuwa umeenea, na chanzo chake hakikuwa uzembe wa wazazi bali umaskini wa maeneo walimolazimika kuishi.

Utafiti huo ulimpatia Kark sifa ya mtu aliyeyafahamu matatizo ya vijijini kwa macho yake. Idara ya Afya ya Serikali kuu ilipotafuta daktari wa kuongoza kituo cha mfano katika eneo la Waafrika, jina lake lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kufikiriwa.

Kaya 130 za mwanzo

Pholela ya wakati huo ilikuwa kielelezo cha dhiki iliyoletwa na sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imewafungia Waafrika katika takriban asilimia saba ya ardhi ya nchi, na nyongeza iliyopitishwa mwaka 1936 ililenga kukifikisha kiwango hicho kwenye asilimia 13 tu. Udongo ulikuwa umechoka na kumomonyoka. Mahindi yalikuwa ndiyo chakula cha asubuhi, mchana na jioni.

Wanaume wengi wenye nguvu hawakuwapo. Walikuwa wamekwenda kuchimba dhahabu Johannesburg au kufanya vibarua Durban, kwa mtindo ambao wasomaji wa Afrika Mashariki wanaojua habari za manamba wa mashamba ya mkonge hawatashindwa kuutambua. Kijijini walibaki wanawake, wazee na watoto, wakisubiri fedha ambazo mara nyingi zilikuwa kidogo na mara nyingine hazikufika.

Watoto waliugua unyafuzi. Homa ya matumbo, kifua kikuu na kaswende vilikuwa magonjwa ya kawaida. Vyoo vilikuwa vichache, na maji yalitoka katika vijito na chemchemi zisizokuwa na kinga.

Kark na mkewe hawakufika peke yao. Walifanya kazi pamoja na Edward Jali, tabibu msaidizi wa Kizulu aliyefundishwa Fort Hare, na mkewe Amelia, ambaye alikuwa muuguzi. Pembeni yao kulikuwa na kundi la watumishi ambao hawakuwa na nafasi katika mfumo wowote wa hospitali wa wakati huo: wasaidizi wa afya, wasemaji wa Kizulu, waliopewa kazi ya kuzitembelea nyumba za watu.

Hapo ndipo ulipokuwa moyo wa mpango mzima. Msaidizi wa afya hakuwa mbeba mikoba wa daktari. Alikabidhiwa kaya zake, akazifahamu kwa majina, akajua nani amezaliwa, nani amefariki dunia, nani amehamia mjini, bustani ina mboga gani na maji yanachotwa wapi.

Kazi ilianza kwa eneo dogo lililochaguliwa, lenye kaya 130 hivi na watu karibu 900. Ramani ilichorwa, kila boma likatambulishwa, na sensa ya afya ikafanyika nyumba kwa nyumba. Kila mwaka sensa ilirudiwa na kaya nyingine zikaongezwa, kadiri watumishi walivyoongezeka na kuzoea kazi.

Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake. Mama akimleta kliniki mtoto mwenye unyafuzi, daktari alimtibu mtoto, lakini msaidizi wa afya alikwenda nyumbani kuangalia wadogo zake, shamba na chungu cha chakula. Taarifa hizo zilirejeshwa kituoni, zikajadiliwa na watumishi wote kwa pamoja, na uamuzi ukafanywa kuhusu familia nzima.

Kwa njia hiyo kituo kilikuwa kliniki na darasa kwa wakati mmoja. Watumishi walijifunza kutokana na takwimu walizozikusanya wenyewe. Mtu aliyehesabu vifo vya watoto katika eneo lake hakuhitaji hotuba ndefu ili kuelewa kwa nini chakula na maji safi vina uzito sawa na dawa.

Mila na maziwa

Ugumu ulikuwapo tangu mwanzo. Watu wa Pholela walikuwa na maelezo yao kuhusu chanzo cha maradhi, na walikuwa na waganga wao. Kumwambia mtu kwamba binti yake amewaambukiza wengine kifua kikuu kuliweza kusikika kama kumtuhumu binti huyo kuwa mchawi. Neno moja lililotamkwa bila busara lingeweza kulifunga boma zima dhidi ya watumishi wa kituo.

Mtumishi aliyezaliwa na kukulia katika jamii hiyo ndiye aliyeweza kuiona hatari hiyo mapema. Digrii za daktari hazikuwa na msaada mahali hapo.

Suala la maziwa lilikuwa mfano mzuri. Kwa mila za Kizulu, mwanamke aliyeolewa alizuiwa kunywa maziwa ya ng'ombe wa ukoo wa mumewe, na wanawake wote walikuwa na nyakati ambazo hawakutakiwa kukaribia maziwa. Matokeo yake, wajawazito na wanaonyonyesha, waliohitaji zaidi lishe hiyo, ndio waliokuwa wakiikosa.

Watumishi wa kituo hawakuishambulia mila. Walileta maziwa ya unga, ambayo hayakutoka kwa ng'ombe wa ukoo wowote unaofahamika, na pingamizi likapungua. Wanawake wakayatumia bila kuonekana wamewavunjia heshima wakwe zao.

Kuhusu chakula, majadiliano yalirudi katika historia. Wazee walikumbushwa kuwa mahindi yalikuwa mgeni, na kwamba wahenga wao walikula nafaka za aina nyingine pamoja na mboga za majani kwa wingi. Kwa maelezo hayo, bustani ya mboga ilionekana kuwa njia ya kurejea katika desturi njema iliyosahaulika.

Kituo kilikuwa na shamba la mfano. Mbegu zilipatikana kwa ushirika, maonyesho ya mboga yakafanyika, na bustani za nyumbani zikaongezeka mwaka hadi mwaka. Vyoo vya shimo vilichimbwa na chemchemi zikalindwa.

Takwimu zilianza kubadilika. Kati ya mwaka 1942 na 1950, vifo vya watoto wachanga katika eneo hilo vilishuka kutoka takriban 275 hadi karibu 100 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Kiwango hicho kilikuwa bado kikubwa, lakini kushuka kwa namna hiyo katika muda usiotimiza miaka 10, bila hospitali kubwa wala mitambo ya gharama, kulizishangaza ofisi za Serikali.

Kutoka kijiji kimoja hadi nchi nzima

Mwaka 1942 Serikali ya Jan Smuts iliunda tume ya kuchunguza huduma za afya, chini ya mbunge Henry Gluckman, ambaye kitaaluma alikuwa daktari. Tume ilikwenda kuona Pholela. Ripoti yake ya mwaka 1944 ilipendekeza huduma ya afya ya taifa kwa watu wa rangi zote, itakayogharimiwa kwa kodi, na msingi wake uwe vituo vya afya vipatavyo 400.

Pendekezo hilo lilizaa swali lililokuwa gumu kuliko ujenzi wa majengo. Nani angefanya kazi katika vituo 400? Madaktari walikuwa wachache na wengi walipendelea miji. Wauguzi walifundishwa kwa ajili ya wodi. Wasaidizi wa afya wa aina ya Pholela walikuwa hawafundishwi mahali popote isipokuwa Pholela kwenyewe.

Jibu lilikuwa kuanzisha taasisi ya mafunzo mjini Durban, ambayo Kark aliiongoza kuanzia katikati ya miaka ya 1940 na ambayo ilikuja kujulikana kama Taasisi ya Afya ya Familia na Jamii. Pholela ilibaki kuwa kituo chake cha vijijini. Mjini, vituo vya mafunzo vilifunguliwa katika maeneo yenye watu wa aina tofauti, likiwamo Lamontville, mtaa wa nyumba za Waafrika, na mitaa ya Wahindi na ya Wazungu.

Hapo madaktari, wauguzi na waelimishaji wa afya walifundishwa bega kwa bega. Daktari alijifunza kusikiliza taarifa ya mwelimishaji aliyetoka nyumbani kwa mgonjwa. Mwelimishaji alijifunza kupima, kuandika kumbukumbu, kuongoza mjadala wa kikundi na kutambua dalili za hatari. Katika nchi iliyozoea kuona Mzungu akiamuru na Mwafrika akitii, kikao cha namna hiyo kilikuwa somo la siasa hata kama hakuna aliyelitaja hivyo.

Zaidi ya vituo 40 vilifunguliwa kabla ya upepo kugeuka. Hata Serikali ya Smuts ilikuwa imekwishaupunguza mpango wa Gluckman, kwa kuwa majimbo yalikataa kuziachia hospitali zao na Hazina haikuwa tayari kubeba gharama. Kilichobaki kilikuwa vituo bila mfumo wa taifa wa kuvishikilia.

Mwaka 1948 chama cha National kilishinda uchaguzi, na siasa ya ubaguzi wa rangi ikawa sera rasmi ya dola. Vituo vilivyowaleta watumishi wa rangi mbalimbali mezani pamoja, na vilivyotafuta chanzo cha maradhi katika ardhi, mishahara na sheria za kazi, havikuwa na rafiki katika Serikali hiyo.

Havikufungwa kwa siku moja. Fedha zilipunguzwa, nafasi za kazi zikaachwa wazi, vituo vikahamishiwa kwa majimbo na kugeuzwa kliniki za kawaida za kugawa dawa. Waelimishaji wa afya walijikuta wana ujuzi ambao mwajiri haukuutaka tena.

Kark alijaribu kuiokoa kazi yake kwa kuihamishia chuoni. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Natal mjini Durban, iliyoanza mwaka 1951 kwa ajili ya wanafunzi wasio Wazungu, ilianzisha idara ya tiba ya jamii na familia kwa msaada wa Rockefeller Foundation ya Marekani, naye akawa profesa wake. Lakini shinikizo la Serikali halikukoma, na mwaka 1958 aliondoka nchini.

Hakuwa peke yake. John Cassel, aliyekuwa ameongoza Pholela baada yake, alikuwa amekwishatangulia kwenda Chapel Hill, North Carolina. Guy Steuart, Joseph Abramson, Harry Phillips na Eva Salber nao walikwenda nje kwa nyakati tofauti. Afrika Kusini ilipoteza kizazi kizima cha walimu wa afya ya jamii, na nchi nyingine zikawaokota.

Mavuno ya ugenini

Baada ya muda mfupi Chapel Hill, ambako alianzisha idara ya epidemiolojia, Kark alihamia Jerusalem mwaka 1959. Huko alifanya kazi katika kituo cha afya cha mtaa wa Kiryat HaYovel, uliokuwa na wahamiaji wengi kutoka nchi mbalimbali, na kuutumia mtaa huo kama alivyoitumia Pholela: kuhesabu, kutembelea, kutibu na kufundisha.

Safari hii maradhi yalikuwa tofauti. Pamoja na ukuaji wa watoto, wataalamu wake walifuatilia shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo, wakionyesha kwamba mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya njaa na maambukizi inafaa pia kwa maradhi ya maisha ya mjini. Chuo cha Jerusalem kilipokea wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini waliokuja kuchukua shahada ya uzamili ya afya ya jamii.

Tawi lililokua kuliko yote, hata hivyo, lilipandwa na mwanafunzi mmoja wa udaktari kutoka Marekani. Mwaka 1957 Jack Geiger alikwenda Afrika Kusini akakaa miezi kadhaa Pholela na Lamontville. Mwaka 1964 alikuwa Mississippi, katika harakati za haki za Waamerika weusi, na umaskini alioukuta huko ulimkumbusha ule aliouona Natal.

Geiger na mwenzake Count Gibson, wakiwa Chuo Kikuu cha Tufts, waliiomba Serikali ya Rais Lyndon Johnson fedha za kuanzisha vituo vya afya vya jamii. Cha Columbia Point, Boston, kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1965, na cha Mound Bayou, Mississippi, kikaanza huduma mwaka 1967.

Mound Bayou ilifuata nyayo za Pholela karibu hatua kwa hatua. Visima vilichimbwa, vyoo vikajengwa, ushirika wa wakulima ukaanzishwa kulima mboga. Wakazi wa hapo waliajiriwa na kufundishwa kazi za uuguzi, usafi wa mazingira na uelimishaji, na vijana wao wakasaidiwa kwenda vyuoni.

Kufikia mwaka 2022 Marekani ilikuwa na karibu mashirika 1,400 ya vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya Serikali kuu, yakiwahudumia watu zaidi ya milioni 30. Wengi wa watu hao hawajapata kulisikia jina la Pholela.

Yapo mambo ambayo Kark hakuyaweza, na kumbukumbu ya haki haiwezi kuyafumbia macho. Bustani za mboga hazikurudisha ardhi iliyoporwa. Elimu ya afya haikuwarudisha nyumbani wanaume waliokuwa migodini. Mpango wake uliishi kwa hisani ya Serikali ambayo wananchi wa Pholela hawakuwa na kura ndani yake, na hisani hiyo ilipokwisha, hawakuwa na uwezo wa kuulinda.

Yeye mwenyewe aliuona ukomo huo mapema. Mwaka 1949 aliandika makala ya kitaalamu kuhusu kaswende miongoni mwa Waafrika, akionyesha kuwa ugonjwa huo ulifuata njia za reli na mikataba ya kazi iliyowatenganisha waume na wake zao. Zaidi ya nusu karne baadaye, janga la Ukimwi lilipoikumba Afrika Kusini, wataalamu waliirejea makala hiyo, kwa sababu virusi vilikuwa vimepita njia zile zile.

Sidney Kark alifariki dunia mwaka 1998, miaka minne baada ya utawala wa ubaguzi kuondoka. Mwaka uliofuata kilichapishwa nchini Afrika Kusini kitabu alichokiandika pamoja na Emily, kinachosimulia safari yao kutoka Pholela hadi Jerusalem.

Mwaka 2011 Serikali ya Afrika Kusini ilianza kuunda upya huduma zake za msingi kwa kutumia makundi ya wahudumu wa afya ngazi ya kata, wanaoandikisha kaya na kuzitembelea majumbani. Ilikuwa kazi ya kuanza karibu upya, kwa kuwa walimu waliowahi kuifanya walikuwa wametawanyika duniani na waelimishaji wa zamani walikuwa wamezeeka au kufariki.

Majengo ya kituo cha afya yanaweza kujengwa kwa mwaka mmoja, fedha zikiwapo. Watumishi wanaoijua jamii yao, na wanaoaminiwa nayo, waliichukua Pholela miaka 10 kuwajenga, na ilitosha Serikali moja iliyowachukia kuwatawanya.